Mafunzo ya kamba na barafu Lushoto: walivyonijibu nilipouliza habari ya kamba

Niliwalipa watu wa ofisi moja hapa Tanga mjini wanifundishe kazi ya kamba na barafu. Nina nia ya kwenda Mlima Kenya, na sikitaki kile kilele cha Lenana cha kutembea kwa miguu. Nakitaka kilele cha Nelion, mita 5,188, ambacho bila kamba hukifiki. Jina la ofisi silitaji. Mafunzo yalifanyika Lushoto, kiangazi cha mwaka juzi hivi, kwenye miamba ya upande wa Irente na mteremko mmoja wa majani. Chakula, mahema, usafiri, huko sina neno. Neno langu ni kamba.

Kutoka Mombo tulipanda kwa pikapu. Nilikaa nyuma na mizigo, na kwa macho yangu mawili niliiona kamba ya kupandia imetupwa sakafuni, imeegemea betri kuukuu ya gari yenye unga mweupe kwenye vichwa vyake. Asiyejua atasema kuna ubaya gani. Kuna asidi! Kamba hizi ni za nailoni, na asidi ya betri huila nailoni pasipo kuacha alama. Hata mvuke wake una madhara. Mimi nimekulia kwenye mkonge, baba yangu kazi yake ilikuwa kusokota kamba. Mkonge ukioza unakwambia: unabadilika rangi, unanuka, nyuzi zinakatika moja moja. Nailoni iliyoguswa na asidi yaweza kubaki inang'aa vilevile mpaka siku itakapobebeshwa mtu.

Tulipofika mwambani nikaipitisha kamba yote mkononi, kama alivyotuelekeza mkufunzi msaidizi asubuhi ile. Pahala pamoja palikuwa pamelegea: ukiikunja haifanyi pete, inalala bapa. Hiyo ni dalili kwamba kiini kimeumia, na nguvu kubwa ya kamba iko kwenye kiini. Lile ganda la nje la marangirangi kazi yake hasa ni kukilinda. Nikamwita mkufunzi mkuu kwa adabu zote: "Samahani kaka, hii kamba ilikaa na betri, na hapa imelegea. Ina muda gani?"

Akanijibu mbele ya watu wote: "Dada, umekuja kupanda au umekuja kukagua? Kama waogopa, rudi Ngamiani ukachome vitumbua."

Vitumbua! Mama yangu ametusomesha kwa vitumbua na sioni aibu yake iko wapi. Lakini tuache hilo. Mtu amekabidhiwa roho za watu, anaulizwa habari ya kitu pekee kilichopo kati ya roho hizo na ardhi, naye anatoa kejeli. Hata kuigusa ile kamba hakuigusa! Kwa hilo peke yake nasema msiende.

Ila nikisema msiende namdhulumu yule msaidizi. Ni kijana wa Kishambaa, mpole. Alisogea, akaikunja kamba palepale nilipomwonyesha, akaitazama, kisha akaipeleka garini bila neno na kurudi na nyingine kutoka kwenye begi lake mwenyewe. Kufundisha sasa! Alitufunza fundo la prusiki, lenye jina la Karl Prusik wa Austria: kamba nyembamba inazungushwa kwenye kamba kubwa, ikiwa haina uzito inateleza unavyotaka, ukining'inia inauma na kushika. Alikaa na kila mtu mpaka mkono ukafunga bila macho kutazama. Kwenye ule mteremko wa majani akatufundisha kujizuia ukiteleza kwenye barafu: unalalia tumbo, shoka la barafu limekaa mshazari kifuani, mkono mmoja kichwani pa shoka na mwingine chini mpinini, ncha unaikandamiza kwa uzito wa bega. Na ukiwa umevaa kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu, nyayo unaziinua, kwa sababu yakinasa utapinduliwa. Alitusukuma chini kichwa kikitangulia, chali, kila namna, hadi mwili ukaelewa. Hans Meyer mwenyewe, aliyekamatwa na watu wa Abushiri huku kwetu mwaka 1888, aliporudi mwaka uliofuata na kufika kilele cha Kilimanjaro alikuwa na Ludwig Purtscheller, mtu wa Alps aliyeijua barafu. Mwalimu ndiye safari yenyewe.

Kwa kijana huyu natoa nyota tano, na pesa yangu nahesabu imelipwa kwa haki. Basi nendeni, lakini mumwombe yeye.

Ningeishia hapo. Ila tulipokuwa tunateremka, mkubwa wake alimfokea mbele yetu kwamba anawatia wateja hofu na kumvunjia heshima. Kijana aliinamisha kichwa. Niliporudi mjini nikaenda ofisini kueleza habari ya betri, na yule wa mezani akaniambia, "Mbona umerudi mzima?" Ile kamba wameitupa au bado inabeba watu? Nimeuliza zaidi ya mara moja, sijajibiwa.

Nikawawekea nyota mbili, zote za kijana. Sasa nasikia kwa wenzangu tuliokuwa nao kwamba haitwi tena kazini. Kama ni kweli, nyota zake nimeziondoa, na waliobaki pale sina cha kuwapa.