Kuongeza msingi chini ya ukuta wa mawe, Moshi: wachimbaji hodari, washindiliaji wa haraka haraka

Nyota 3 kati ya 5, na mbili zilizokosekana zote ni za sentimita 7 za mwisho.

Kazi yenyewe: duka la zamani katikati ya mji, ukuta wa mawe wenye unene wa sentimita 60, kona imetitia na ufa umepanda hadi dirishani. Kuchimba mafundi hawa wanajua. Mita 12 za ukuta waligawa vipande vya mita moja moja, wakaviandika namba kwa chokaa, wakaanza na cha 1, 5 na 9. Robo tu ya ukuta ndiyo ilikaa wazi kwa wakati mmoja. Walishuka mpaka udongo mgumu, na zege lilimwagwa siku hiyohiyo, kabla shimo halijalainika kwa maji.

Tatizo la mawe ya zamani ni tumbo. Nyuso mbili zimejengwa vizuri, katikati ni vifusi na udongo. Ukichimba chini, vinamwagika. Walisafisha viungo na kuvijaza upya kabla ya kuchimba, hongera, ila kwa saruji tupu. Saruji 1, chokaa 1, mchanga 6 ingefaa zaidi ukuta laini kama huo.

Waliteleza kwenye pengo kati ya zege jipya na mawe. Linaachwa sentimita 5 hadi 7, zege linakaa angalau saa 24, kisha pengo linajazwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3, maji kidogo kabisa: ukiubana kiganjani unashikana, kiganja hakilowi. Unashindiliwa kwa gongo na nyundo, na kwa unene huu lazima pande zote mbili. Wao walipaka udongo wa saruji uliolowa, kwa mwiko, upande wa nje tu. Huo hunywea ukikauka, ukuta unashuka kuufuata, na ufa unarudi. Kwenye kipande cha 5 rula ya chuma ilizama pengoni sentimita 20. Walipoambiwa walirudia bila ubishi, hilo niliseme.

Gata iliyokuwa ikimwaga maji pale pale konani hawakuigusa wala kuitaja, na masika ya Machi hayana subira.

Waiteni, lakini awamu ya mwisho ya malipo ibaki mfukoni mpaka rula ishindwe kupenya kila kipande, nje na ndani.