Kustimu kwa Joto au Kulala na Krimu: Uzoefu Wangu na Nywele za Kipilipili

Kwa nywele za kipilipili zisizo na dawa kama zangu, nusu saa chini ya kofia ya umeme ya kustimu, yaani ya kuzipasha nywele joto zikiwa na krimu ya kulainisha, imenifaa kuliko usiku mzima wa kulala na krimu kichwani. Nimezitumia njia zote mbili kwa muda mrefu, na sioni sababu ya kuirudia ya pili isipokuwa kwa mafuta ya nazi, ambayo nitayaeleza mahali pake. Nawaandikia hasa wenye nywele za aina hii, kwa kuwa aliyeweka rilaksa au rangi ana nywele zenye tabia nyingine, na huenda akapata matokeo tofauti na yangu.

Nywele zangu ni nyingi, lakini kila unywele ni mwembamba, umejikunja tangu kwenye shina, na haupokei maji upesi. Ninapozinyunyizia, maji hukaa matone matone juu yake kabla ya kuingia, na zikishalowa kabisa huchukua karibu siku nzima kukauka. Tena naishi Dar es Salaam katika nyumba inayotumia maji ya kisima, na maji ya visima vingi vya jiji hili yana chumvi. Sabuni haitoi povu inavyopasa, na madini kama kalsiamu na magnesiamu hubaki juu ya unywele, yakiufanya mgumu na kuuondolea mng'ao. Ndiyo maana kustimu kwangu ni kazi ya lazima: nisipofanya hivyo, chanuo halipiti.

Ili nilinganishe kwa haki nilitumia krimu ile ile kwa njia zote mbili, kwa kiasi kile kile, baada ya kuosha kwa shampuu ile ile. Ni krimu nzito ya kopo, ya bei ya kawaida, ambayo maji ndiyo ya kwanza katika orodha ya viambato vyake, yakifuatiwa na setili alkoholi, behentrimoniumu kloridi, gliserini na mafuta ya shea. Wapo wanaoogopa wakisoma neno alkoholi kwenye kopo, lakini setili alkoholi ni kitu cha jamii ya mafuta, chenye kulainisha, na haikaushi nywele kama ile spiriti ya kusafishia vidonda. Kofia yenyewe niliinunua dukani Kariakoo. Ni ya kitambaa, ina nyaya za kupasha joto ndani yake, swichi ya viwango vitatu na bitana ya kufua, na bei yake haikuzidi gharama ya kustimu saluni mara chache.

Siku ya kustimu kwa joto huziosha nywele, nikazikamua kwa fulana kuukuu ya pamba mpaka zibaki na unyevu bila kuchuruzika, kisha huzigawa mafungu manne. Krimu huanza kuipaka kwenye ncha, ambazo ndizo kuukuu na zilizochakaa zaidi, nikipanda polepole na kuishia karibu na shina bila kuigusa ngozi. Nachana kila fungu kwa chanuo la meno mapana, nazungusha kila fungu, navaa kofia ya plastiki, na juu yake ile ya umeme kwa joto la katikati. Dakika ishirini hadi thelathini zinatosha. Baada ya hapo huivua kofia, nasubiri kichwa kipoe, ndipo nasuuza.

Matokeo yake huonekana wakati wa kusuuza. Vidole hupita hadi mwisho bila kukwama, vipande vya nywele zilizokatika vinavyobaki kwenye chanuo ni vichache, na ulaini unadumu mpaka katikati ya juma hata nikizifunga mabutu na kuzifungua kila siku. Nilipolala na krimu hiyo hiyo, asubuhi zilikuwa laini pia, siwezi kulikana hilo, lakini ulaini ule haukupita ule wa nusu saa ya joto, na ulikwisha mapema zaidi. Saa nane za ziada hazikuniongezea kitu nilichoweza kukiona wala kukigusa.

Sababu yake inaeleweka mtu akijua krimu inavyofanya kazi. Viambato kama behentrimoniumu kloridi vina chaji chanya, na unywele, hasa sehemu zilizochakaa, una chaji hasi, kwa hiyo vinavutwa na kunata juu yake. Kunata huko hutokea ndani ya dakika, na uso wa unywele ukishajaa, kinachobaki juu ni krimu ya kumwagwa na maji. Kinachozuia kazi hiyo kwenye nywele kama zangu ni uzito wa krimu na ugumu wa magamba madogo yanayoufunika unywele, ambayo kwa nywele zisizopokea maji upesi yamelala na kubanana. Joto linasaidia pande zote mbili. Setili alkoholi huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 49, hivyo hata joto la chini ya hapo huilegeza krimu ikatandaa na kuvifikia vikunjo ambavyo vidole havifiki, na unyevu wenye uvuguvugu huufanya unywele uvimbe kidogo na kupokea. Nasisitiza unyevu, kwa sababu joto kavu bila kofia ya plastiki hukausha krimu juu ya nywele, na faida yote hupotea.

Kulala nayo kuna hasara nyingine ambazo watu hawazisemi vya kutosha. Ya kwanza ni unyevu wenyewe. Unywele uliolowa huvimba, na ukiwa umevimba huvutika na kukatika kwa urahisi kuliko ukiwa mkavu, kisha unaegemea mto na kusuguliwa na kofia kila unapogeuka usingizini. Wanaozifanyia nywele zao hivyo kila wiki, zikivimba usiku mzima na kusinyaa mchana, hulalamika kwamba baada ya miezi zimekuwa teketeke, zinavutika bila kurudi. Mimi niliacha kabla ya kufika huko, lakini dalili ya kwanza, yaani nywele kulegea mno zikiwa na maji, niliiona.

Ya pili ni ngozi ya kichwa. Kuanzia Desemba mpaka Machi usiku wa Dar es Salaam una joto na unyevunyevu, na kufunga kichwa kwa plastiki kuanzia saa nne za usiku hadi alfajiri ni mateso. Jasho huchanganyika na krimu, shingo inalowa, foronya inalowa, na asubuhi kichwa kinawasha. Kuvu ya jamii ya hamira iitwayo Malassezia, inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kuhusishwa na mba, hupenda mazingira kama hayo ya joto, unyevu na mafuta. Mwenye mba asilale na krimu kabisa, na hili nalisema kwa msimamo, kwa sababu nimeona ndugu zangu wakihangaika kutafuta dawa ya mba huku kila mwisho wa juma wakikilowesha kichwa usiku kucha.

Hata hivyo usiku una kazi yake, na kazi hiyo ni ya mafuta ya nazi kabla ya kuosha. Karibu nusu ya mafuta haya ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli zake ni ndogo na nyoofu kiasi cha kuingia ndani ya unywele. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, ukaonyesha kwamba ya nazi ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Kuingia huko ni kwa polepole, na hapa saa nyingi zina maana. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha napaka kidogo kwenye nywele kavu, nasuka mabutu, nafunga kitambaa cha satini na kulala bila plastiki. Hakuna kilicholowa, kwa hiyo hakuna kuvimba, na asubuhi shampuu hainikaushi kama inavyonikausha nisipoyapaka. Bibi zetu wa pwani walizipaka nywele tui na mafuta ya nazi miaka mingi kabla ya kofia hizi za umeme kufika madukani, na kwa mafuta naona walikuwa sahihi.

Vyakula ni jambo jingine. Yai, parachichi na mayonesi havifai kulaliwa, kwa kuwa kwenye joto letu huanza kunuka kabla ya asubuhi, na protini ya yai ni kubwa mno kupenya kwenye unywele hata ukilala nayo juma zima. Anayependa yai alisuuze kwa maji baridi, maana maji ya moto huliivisha na kuacha vipande vinavyong'ang'ania kwenye vikunjo. Krimu zenye protini iliyovunjwavunjwa nazo zina muda ulioandikwa kwenye kopo, na muda huo uheshimiwe, kwa sababu zikizidishwa nywele huwa ngumu na kukatika kwa kishindo kidogo unapochana.

Mashine ya mvuke ya saluni bado ni bora kuliko kofia yangu, kwa kuwa mvuke wake unaleta joto na maji kwa pamoja, na baada ya kufumua rasta zilizokaa mwezi mzima au zaidi bado naifuata huko. Tatizo langu na saluni ni mkono wa anayechana, kwani nywele zilizotoka kulainishwa huvutwa kwa haraka kwa sababu wateja wanasubiri, na kazi yote ikaharibika kwenye kiti kile kile. Taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa juu ya kofia ya plastiki linafaa pia umeme unapokatika, ila linapoa baada ya dakika chache na linahitaji kubadilishwa mara kwa mara. Kwa mtu anayestimu mara moja kwa mwezi, taulo linatosha, asinunue chochote.

Anayeamua kununua kofia achague yenye swichi ya viwango na yenye kujizima joto likizidi, aiwashe dukani kabla ya kulipa na kuipapasa ndani, kwa sababu niliwahi kushika moja iliyochemka upande mmoja huku upande mwingine ukiwa baridi. Bitana iwe ya kutoka ili ifuliwe. Plagi ishikwe kwa mikono mikavu, kofia ya plastiki ifunike nywele zote hadi kisogoni ili krimu isifike kwenye nyaya, na mtu asijilaze nayo wala kusinzia ikiwa inawaka. Wenye rangi au rilaksa waanze na kiwango cha chini na dakika kumi, na mwenye kidonda au mchubuko kichwani asubiri upone.