Chupa tatu za mvinyo mwekundu wa bei ya chini

Nilizivisha soksi chupa zote tatu, maana lebo hudanganya ulimi.

Ya kwanza, ya zabibu aina ya Merlot: laini, tamutamu, basi. Ukishameza umeisahau. Ya pili, Garnacha ya Uhispania, ndiyo iliyonikalisha kitako. Harufu ya matunda mekundu yaliyoiva, pilipili manga kwa mbali, na ule ukakasi wa tanini unaoshika ufizi kama chai ya rangi iliyochemka mno, ila kidogo tu. Kilevi asilimia 14.5, na koo lilijua. Nikaitia kwenye friji dakika 20, moto ule ukatulia. (Wanaosema mvinyo mwekundu haupozwi, nadhani nyumba zao zina baridi.)

Ya tatu ilikuwa Carmenère ya Chile, zabibu ambayo huko ilidhaniwa Merlot hadi mwaka 1994. Inanuka pilipili hoho mbichi. Mke wangu aliipenda, nikamwachia.

Kesho yake mabaki ya Garnacha bado yalikuwa na uhai. Ya Merlot niliyamimina kwenye mchuzi wa nyama, na humo, kusema kweli, yalifaa kuliko kwenye glasi.