Grinda Ipi Ununue: Anzia kwenye Swichi, Siyo kwenye Wati

Ukiulizia grinda, ile mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma kwa diski, jambo la kwanza utakaloonyeshwa ni wati: hii 650, hii 850, ile 1,200. Wati zina kazi yake, ila hazisemi mashine itafanya nini pale diski itakapobana ndani ya chuma, mkono utakapoteleza, au umeme utakaporudi ghafla baada ya kukatika. Hapa nimezipanga grinda kwa kipimo hicho, na ndiyo maana ile yenye nguvu kuliko zote imeshika mkia.

Kabla ya kupanga, kuna hesabu moja inayostahili subira yako. Diski ya kawaida ya kukatia chuma imetengenezwa kuhimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo wake, sawa na kilomita 288 kwa saa. Kwa sababu hiyo diski ya milimita 125 huandikwa kikomo cha mizunguko kama 12,200 kwa dakika, na ya milimita 230 huandikwa kama 6,600. Sasa mtu akivua kava (kile kifuniko kinachokinga diski) ya grinda ndogo ili aingize diski kubwa ya 230, mashine inayozunguka mara 11,000 kwa dakika itaupeleka ukingo ule hadi karibu mita 132 kwa sekunde. Diski ya namna hiyo haipindi kwanza ili ikuonye. Inapasuka, na vipande vinaruka popote. Grinda isiyo na kava, hata kama ni nzima na anayeiuza ni rafiki yako, haina nafasi kwenye orodha hii.

Nafasi ya kwanza: ndogo ya waya, yenye swichi ya kubana

Swichi ya kubana ni ule ubapa mrefu chini ya mwili wa mashine unaoubana kwa kiganja. Ukiachia, moto unakatika hapo hapo. Anayeteleza au kushtuka hana muda wa kutafuta swichi. Hapa hahitaji kuitafuta, kwa sababu kuiachia mashine ndiko kuizima. Wengine huilalamikia kwamba inachosha vidole kwenye kazi ndefu. Ni kweli, inachosha.

Chukua ya milimita 125 badala ya 115 kama zote zipo, kwa kuwa inaingia ndani zaidi ya bomba au nondo. Wati 800 hadi 1,100 zinatosha kazi za nyumbani na za karakana ndogo. Kisha uliza mambo mawili. Je, ina breki? Grinda isiyo na breki huendelea kuzungusha diski kwa sekunde kadhaa baada ya kuzimwa, na ndizo sekunde ambazo watu huilaza chini au huitegemeza kwenye paja. Je, hujizima diski inapobana ghafla? Diski ikibana, mashine huruka kuelekea kwa aliyeishika, na huo ndio mwanzo wa majeraha mengi mabaya ya grinda.

Nafasi ya pili: ya betri

Faida yake kubwa ni kwamba hakuna waya wa kukatwa na diski wala wa kukunasa mguu ukiwa juu ya ngazi. Ukitaka kubadilisha diski unachomoa betri, na hakuna mtu atakayeiwasha kwa bahati mbaya. Nyingi za betri huja na breki pia. Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu grinda ni mlafi. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 hubeba wati-saa 90. Ikitumika kwa wati 800 mfululizo, haifiki dakika 7. Utahitaji betri mbili au tatu na chaja nzuri. Lakini kama tayari una drili ya betri, na grinda ya kampuni hiyo hiyo inatumia betri zile zile, ipandishe nafasi ya kwanza bila kusita.

Usibabaishwe na maandishi ya volti 20. Betri ya seli 5 zenye volti 3.6 kila moja ni ya volti 18. Hiyo 20 ni kipimo chake ikiwa imejaa na haijaanza kazi.

Nafasi ya tatu: ya waya, swichi ya kusukuma, lakini isiyojiwasha

Swichi ya kusukuma hujifunga mbele, na mashine huendelea kuzunguka hata ukiiachia. Hatari yake kubwa ni umeme ukikatika nayo ikiwa bado imefungwa: umeme ukirudi, inaamka peke yake juu ya meza. Nzuri zina kinga ya jambo hilo, na unaweza kuijaribu kabla hujalipa. Mwambie muuzaji atoe diski, aishike mashine sawasawa, asukume swichi mpaka ijifunge, ndipo achomeke plagi. Ikikaa kimya, ina kinga. Ikinguruma, ni ya nafasi ya nne, na ya nne naiweka tu kwa sababu ndiyo utakayoikuta kila mahali.

Mkiani: ya milimita 230

Mara nyingi ina wati 2,000 na zaidi, ni nzito, na ikibana inaweza kumyumbisha mtu mzima. Kwa kukata zege mara moja kwa mwaka, kodi, au mwite mwenye kuizoea.

Iwe ipi, angalia kibandiko chake. Alama ya mraba ndani ya mraba maana yake ina insulesheni maradufu, kwa hiyo waya wenye nyuzi mbili bila erthi si kasoro. Kama ni ya waya na alama hiyo haipo, waya wa erthi ni lazima. Tumia pia soketi yenye kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha milliampea 30. Mkono wa pembeni uwemo kwenye boksi, na kava izunguke na kukaza vizuri.

Diski zinunue kwa uangalifu ule ule. Nyembamba ya milimita 1 ni ya kukatia tu. Ukiisagia kwa ubavu itavunjika. Zenye meno ya msumeno wa mbao ziache, hata kama zimeandikwa ni za grinda. Na soma tarehe kwenye pete ya chuma katikati ya diski: resini, ile gundi inayoshikilia chembe za diski, huchoka kwa muda na unyevu, kwa hiyo diski ambayo tarehe yake imepita hata haifai kupunguziwa bei.