Spika moja ya inchi 12 katika maboksi matatu: uzoefu wangu wa kujijengea sabufa

Mafundi wengi wa maboksi hupima upana wa spika, wakakata mbao, wakakuuliza rangi ya zulia la kufunika. Lita hazitajwi kabisa, ilhali lita ndizo zinazoamua besi. Nimeifunga spika ileile kwenye boksi lililofungwa kabisa, boksi lenye tundu (linalopumua kwa bomba), na bendipasi (spika inafichwa ndani, kati ya vyumba viwili), kwa amplifaya ileile na chumba kilekile. Kwa sebule ya kawaida ya tofali nimebaki na lililofungwa. Kwa uwanjani natoa lenye tundu. Bendipasi nimelibomoa, mbao zake zimekuwa viimarisho.

Spika ni ya gari, koili mbili za ohm 4. Kabla ya kukata hata ubao mmoja niliipima kwa programu ya bure ya REW, kadi ya sauti ya kompyuta na rezista ya ohm 100, baada ya kuichezesha kwa saa kadhaa kwenye 20 Hz ili mpira na buibui (kitambaa cha mikunjo kinachoshika koni kwa nyuma) vilegee. Spika mpya kabisa husoma Fs (masafa ambayo koni hutikisika kwa urahisi zaidi) ya juu kuliko itakayokuwa nayo baadaye, na boksi utakalolipigia hesabu kwa namba hizo halitakuwa lake. Nilipata Fs 28 Hz, Qes 0.50 (jinsi umeme unavyodhibiti koni), Qts 0.45 (udhibiti wote kwa pamoja; namba ikiwa kubwa, koni imelegezwa zaidi) na Vas lita 80 (hewa yenye unyumbufu sawa na wa mpira na buibui). Namba hizi zilitungiwa mfumo wake na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, kisha Richard Small akazikamilisha miaka ya 1970, na mpaka leo ndizo zinazotumika. Wati 1000 zilizochapwa kwenye sumaku hazina kazi yoyote katika hesabu hizi.

Kuhusu koili mbili: ziunge zote, iwe mfululizo au sambamba. Qts na Vas hazibadiliki. Ukiunga koili moja tu na kuiacha nyingine ikining'inia, Qes inakuwa maradufu. Kwa spika hii Qts ingeruka hadi karibu 0.82, na boksi ulilopiga hesabu kwa 0.45 lingetoa besi ya kuvimba isiyo na umbo. Makosa haya yapo sana kwenye sabufa zinazosemwa "zina besi lakini chafu". Mimi nimeziunga mfululizo, ohm 8, kwenye bodi ya amplifaya ya TPA3255 inayolishwa volti 48. Hapo unapata wati 130 hivi za kweli, na kwa sebule zinatosha.

Ukigawa Fs kwa Qes unapata 56. Kwa kanuni ya mafundi, chini ya 50 spika inafaa boksi lililofungwa, karibu na 100 inataka tundu. Hii iko katikati, inakubali yote mawili, ndiyo sababu inafaa kulinganishia.

Boksi lililofungwa. Nilitaka Qtc (yaani Qts ya spika ikiwa ndani ya boksi) ya 0.707, mahali ambapo besi inashuka bila kuvimba kwanza. Hesabu: gawa 0.707 kwa 0.45, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha gawa Vas kwa kilichobaki. Inatoka lita 54. Masafa ya boksi yanakuwa 44 Hz. Ongeza lita 3 zinazoliwa na mwili wa spika na lita 2 za viimarisho, ndipo nikapata vipimo vya ndani sm 40 kwa 40 kwa 37. Ukilibana mpaka lita 25, kama maboksi mengi ya dukani, Qtc inapanda hadi 0.92 na masafa hadi 57 Hz: ngoma inagonga kifua, lakini nota za chini za gitaa la besi zinapotea.

Boksi lenye tundu. Hapa nilichukua lita 85 halisi na kulituni 28 Hz, yaani masafa ambayo bomba linapuliza kwa nguvu zaidi. Hesabu za vitabuni kwa Qts hii zinadai hadi lita 120, lakini boksi hilo ni kabati. Kwenye lita 85 kuna uvimbe mdogo karibu na 40 Hz ambao sikioni unapendeza. Bomba ni la PVC la inchi 4, lile la maji taka, kipenyo cha ndani sm 10.4. Fomula ninayotumia: 23,562 mara kipenyo mara kipenyo, gawa kwa (masafa mara masafa mara lita), kisha toa kipenyo mara 0.732. Inatoa sm 30.6, ukihesabu na unene wa ubao wa mbele. Vipimo vya ndani ni kimo sm 54, upana 40, kina 44, yaani lita 95, na zile 10 za ziada zinaliwa na bomba, spika na viimarisho.

Bomba la inchi 3, lenye kipenyo cha ndani sm 7 hivi, linavutia kwa sababu lingehitaji sm 12 tu. Usilitumie. Eneo lake halifiki nusu ya la inchi 4, kwa hiyo hewa ileile lazima ipite kwa kasi zaidi ya maradufu, na kwenye sauti kubwa utasikia bomba likipumua juu ya muziki. Mabomba mawili ya inchi 4 nayo yangetaka karibu sm 69 kila moja, hayaingii bila kukunjwa. Kati ya mdomo wa ndani wa bomba na ukuta wa nyuma acha angalau nafasi ya kipenyo kimoja. Kwangu imebaki sm 15. Ikiwa ndogo zaidi, bomba linajifanya refu kuliko lilivyo na masafa yanashuka.

Bendipasi: chumba cha nyuma lita 35 kilichofungwa, cha mbele lita 32 kilichotuniwa 51 Hz kwa bomba la inchi 4 lenye sm 23. Kwa hesabu linapitisha 33 hadi 78 Hz na kukata pande zote mbili. Na kweli linapiga kwa nguvu. Lakini kila besi inafanana na nyingine. Kibaya zaidi, koni imejificha ndani na chumba cha mbele kinachuja mkwaruzo, hivyo spika inaweza kuzidiwa hadi koili ikaungua bila sikio kupata onyo. Pia kosa la lita chache, ambalo kwenye boksi lililofungwa halisikiki, hapa linahamisha mlio wote. Sioni sababu ya mtu wa nyumbani kulijenga.

Ubao ni MDF ya mm 18. Karatasi moja ya futi 4 kwa 8 inatoa boksi lililofungwa na lenye tundu kwa pamoja, ukipanga vizuri. Kata mikanda kuvuka upana wa karatasi: miwili ya sm 54, kisha 47.6, 43.6 na 40. Mpango huu umebana, kwa hiyo peleka kwenye mashine ya meza na umweleze fundi unene wa msumeno uhesabiwe. Vipande vinavyobaki ndivyo viimarisho: fremu moja iliyotobolewa katikati, inayoshika kuta zote nne. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kabla na baada ya kuiweka. Mlio wa debe unageuka kuwa mlio mkavu. Ukiwa Pwani, mfano Tanga au Mombasa, MDF inavuta unyevu kwenye kingo na kuvimba. Paka kingo gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mikono miwili, kabla ya rangi. Plaiwudi ya marine haina shida hiyo ila bei yake imesimama.

Gundi ndiyo inayoshika boksi, skrubu zinabana tu mpaka gundi ikauke. Toboa kwanza kwa keekee ya mm 3, na usiweke skrubu karibu na pembe kwa chini ya sm 5, la sivyo MDF inapasuka katikati ya unene wake. Piga silikoni kwenye viungo vyote vya ndani, kisha uache boksi wazi siku nzima kabla ya kufunga spika. Silikoni yenye harufu ya siki inatoa asidi inayokula shaba ya koili. Chini ya fremu ya spika weka ukanda wa sponji wa madirisha. Kupima uvujaji wa boksi lililofungwa: sukuma koni polepole kwa vidole vilivyotandazwa, iachie. Ikirudi taratibu, boksi limeziba. Ikiruka papo hapo, tafuta upenyo, na mara nyingi uko kwenye kibati cha waya nyuma.

Ndani ya lililofungwa nimetia pamba ya polyesta, ile ya mito, kama gramu 8 kwa kila lita, imechambuliwa vizuri. Inafanya boksi lijione kubwa kidogo. Kwenye lenye tundu nimebandika tabaka jembamba ukutani tu. Pamba ikifika mdomoni mwa bomba inaua kazi ya bomba.

Kuhakiki tuni hakuhitaji mashine. Cheza mlio wa sini kutoka programu ya simu, anza 40 Hz, shuka hezi moja moja huku ukigusa koni kwa ncha ya kidole. Itafika mahali koni inakaribia kusimama ilhali bomba linapuliza kwa nguvu zote. Hapo ndipo boksi lako lilipotuniwa. Ikiwa juu ya ulichotaka, bomba ni fupi. Ikiwa chini, punguza sentimita moja moja. Ndiyo maana bomba hukatwa refu kwanza.

Sasa mlio. Kwenye singeli, inayokwenda midundo 200 na zaidi kwa dakika, lililofungwa linashinda bila ubishi. Kwa midundo 240 kila pigo lina robo sekunde tu kabla ya jingine, na boksi lenye tundu linaendelea kuvuma karibu na 28 Hz wakati pigo linalofuata limeshafika. Kwenye rumba na taarabu, gitaa la besi la nyuzi nne linaanzia 41 Hz, na lililofungwa linalitoa nota kwa nota. Amapiano na sinema ni habari nyingine. Kwenye 28 Hz lililofungwa limeshashuka desibeli 8.5 kwa hesabu, na kuzirudisha kwa ikwalaiza kunadai nguvu mara 7. Boksi lenye tundu linafika huko bila kuhema.

Lakini chumba kinasaidia. Sebule ya urefu wa mita 5 yenye kuta za tofali na zege huanza kuinua besi yenyewe chini ya 34 Hz hivi, kwa sababu kuta ngumu hazivujishi nguvu. Lililofungwa linashuka taratibu, desibeli 12 kwa okteva (kila masafa yanapopungua nusu), na chumba kinaziba pengo. Lenye tundu lililosukumwa pembeni mwa chumba hichohicho linazidisha hadi linachosha. Uwanjani hakuna kuta, msaada huo unakosekana, na hapo lililofungwa linasikika kama limeachwa nyumbani.

Boksi lenye tundu lazima liwe na kichujio cha kuzuia masafa ya chini mno. Ukishuka chini ya 28 Hz, hewa ya ndani haiisukumi tena koni kurudi. Inatoka tu bombani, na koni inaruka hadi koili inagonga bamba la nyuma. Bodi za TPA3255 hazina kichujio hicho. Nimetumia bodi ndogo ya DSP (ya kuchakata sauti kidijitali) ya ADAU1701, nimekata chini ya 25 Hz na juu ya 80 Hz.

Anayejenga boksi moja tu ajenge la lita 85, ila bomba alitokeze sm 5 nje ya ubao wa mbele na kuliongeza urefu kidogo, jumla sm 31.8, kwa kuwa mdomo usiozungukwa na ubao hutumia 0.614 badala ya 0.732 katika fomula. Akitaka lililofungwa anachomeka kifuniko cha PVC cha inchi 4: Qtc inakuwa karibu 0.63 na masafa 39 Hz, mlio mkavu kabisa wa singeli. Kizibo cha sponji hakitoshi, kinavuja na kufoka kila pigo linapoingia.