TAHADHARI: Kokopiti ya chumvi inauzwa Malindi, msitume pesa kabla ya kupima

Wakulima wenzangu wa Malindi, Watamu na Mambrui, hasa mnaopanda mboga bila udongo: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi wa kupandia badala ya udongo) anayoapa kwamba imeoshwa chumvi. Haijaoshwa. Bei yake ni nafuu na mzigo unaletwa kwa tuktuk hadi mlangoni, ila anataka M-Pesa kabla hujafungua gunia. Ukishalalamika, simu hapokei tena.

Mimi nimeuziwa. Letusi zangu zilianza kuungua kingo za majani, kisha zikadumaa. Nililoweka konzi moja ya kokopiti hiyo kwenye maji ya mvua, nikachovya mita ya EC, ile inayopima chumvi kwenye maji: ikapita 3. Iliyooshwa vizuri huwa chini ya 1.

Haya ni mabaki ya makumbi yaliyofukiwa ufuoni, kwenye maji ya bahari, kwa ajili ya kusokota kamba za kufungia. Kwa kamba hayana ubaya, ndivyo yalivyotengenezwa pwani hii tangu zamani. Kwa mboga ni balaa. Kila ukiweka mbolea ya kalsiamu, makumbi yanaikamata yenyewe na kuachia sodiamu, yaani ile chumvi, kwenye mizizi, kwa hiyo hata kuosha kwa maji matupu hakutoshi. Lazima yalowekwe kwenye maji yenye mbolea ya nitreti ya kalsiamu, yachujwe, yasuuzwe tena. Kazi hiyo ndiyo tuliyomlipa aifanye!

Mkipima, msitumie maji ya kisima, maana visima vingi vya huku vina chumvi na mita itawadanganya. Asiye na mita aoteshe mbegu chache za mchicha kwenye kikopo cha kokopiti na kingine cha udongo wake, alinganishe.

Na ile "perlaiti" yake, punje nyeupe za kuchanganya na kokopiti, pia muiogope. Perlaiti halisi ni jiwe la volkano lililochomwa likafura kama bisi. Ukilibana kwa vidole linasagika. Punje zake yeye zinabonyea na kulia, na zingine zina harufu ya samaki. Ni yale maboksi meupe ya plastiki ya kuwekea samaki na barafu, yamesagwa, na mtu anapandia chakula cha watoto humo. (Hata iliyo halisi, inyunyizieni maji kabla ya kuimwaga, vumbi lake si zuri kwa mapafu.)

Mwenye gunia lake asilitupe. Lipige picha, hifadhi ujumbe wa M-Pesa, niandikie pembeni. Tunakusanya malalamiko tuyapeleke polisi kwa pamoja.