Programu ya Wi-Fi ya chuo na ofisi: ipi ulipie, ipi uachane nayo

Binti mmoja wa mwaka wa kwanza aliniletea simu yake ofisini. Alikuwa analipia kila mwezi programu ya "kulinda Wi-Fi", akitaka nimwambie kama ipo nzuri zaidi. Nikafungua mipangilio ya mtandao wa chuo. Penye cheti cha seva, yaani kitambulisho cha kompyuta ya chuo inayopokea neno lako la siri, mtu alikuwa amemchagulia "usithibitishe". Hapo pesa yake yote ilikuwa inakwenda na maji.

Mtandao kama eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, ambao Kenya unasimamiwa na KENET na Uganda na RENU, mashirika ya mitandao ya vyuo, hauna neno moja la siri la watu wote. Kila mtu anaingia kwa jina lake. Kwa hiyo simu inapaswa kwanza kuikagua seva kwa cheti chake, ndipo itoe siri yako. Usipoiamuru ikague, mtu anaweza kukaa kantini na laptopu, akatangaza mtandao wenye jina lilelile, na simu yako ikamfuata. Mwaka 2012, kwenye DEF CON, mkutano wa wadukuzi, ilionyeshwa kwamba mazungumzo ya MSCHAPv2, njia ya kuhakiki neno la siri inayotumika sana humu, yakinaswa yanaweza kuvunjwa ndani ya siku moja. Ndiyo maana hapa napanga programu zinazokuingiza kwenye Wi-Fi kwa swali moja: inaikagua seva?

Ya kwanza: iliyomo kwenye kifaa chako, ikipangwa na geteduroam, programu ndogo ya kupanga mipangilio ya eduroam. Geteduroam ni bure, ipo ya Android, iPhone na Windows. Haichukui kazi ya mfumo, inaujazia tu cheti na jina la seva bila kukosea. Washa bando lako, ipakue, chagua chuo chako, ingiza jina na siri. Ofisi isiyo na eduroam imwombe fundi wake atengeneze faili la mipangilio. iPhone na Mac hulipokea vizuri sana.

Ya pili: hiyohiyo ya kwenye kifaa, ukiijaza kwa mkono. Zamani watu wa Windows walilazimika kutafuta programu ya nje ili kupata EAP-TTLS, mojawapo ya njia za kuingia kwenye mitandao hii, lakini tangu Windows 8 imo ndani, kwa hiyo asikuuzie mtu kwa sababu hiyo. Kwenye Android chagua vyeti vya mfumo, kama chuo hakikukupa cheti chake, halafu andika kikoa (domain) cha seva, yaani jina lake la mtandaoni, ulichopewa na chuo. Usikiache wazi, kwa sababu bila kikoa, cheti halali cha mtu mwingine kinaweza kupita. Kuanzia Android 11 Google ilianza kuliondoa lile chaguo la "usithibitishe", ila simu nyingi za mkononi zinazouzwa madukani kwa bei nafuu ni za zamani na bado zinalo. Ukinunua simu kuukuu, angalia hapo kwanza. iPhone nayo itakuonyesha cheti na kukuuliza kama unakiamini: soma jina lililoandikwa, ndipo ukubali.

Watumiaji wa Linux wana wpa_supplicant ya Jouni Malinen, programu ya kuingilia Wi-Fi, imara na bure. Tatizo ni kile kisanduku cha kusema cheti hakihitajiki, kwenye dirisha la mipangilio ya mtandao. Kiache bila alama.

Ya kulipia ninayoiheshimu ni Network Access Manager iliyo ndani ya Cisco Secure Client, programu ya usalama ya kampuni ya Cisco. Inafanya kazi kwenye Windows tu, na inaweza kuthibitisha kompyuta na mtumiaji kwa pamoja. Ofisi kubwa yenye vifaa vya Cisco na mafundi wake inaweza kuifikiria, ingawa siku hizi Windows yenyewe ina TEAP, njia ya kuingia mtandaoni, kwa kazi hiyo. Mtu binafsi hana sababu ya kuitafuta.

Za mwisho kabisa ni zile za dukani zinazoahidi kasi na ulinzi. Kwenye Android, programu ya kawaida haiwezi kushika nafasi ya ile ya mfumo inayokuingiza mtandaoni. Hata VPN, programu ya kuficha mawasiliano yako ambayo ina faida zake, inaanza kazi ukiwa umeshaingia, yaani siri yako imeshatoka.

Binti yule tuliufuta mtandao wa chuo kwenye simu, tukaupanga upya na geteduroam, akabadilisha neno lake la siri palepale kwenye kompyuta yangu. Usajili wa kila mwezi aliufuta akiwa bado amesimama mlangoni.